Kuinua pikapu na pesa kidogo: anza na mizani, inchi zitakuja baadaye

Fundi akisikia unataka kuinua gari swali lake la kwanza ni "inchi ngapi, bosi?" na hapo ndio pesa yako huanza kupotea. Mimi nilijibu tatu. Sikuwa nimefikiria chochote, nilikuwa tu nimeona Hilux ya jamaa fulani pale Njoro imesimama juu, nikataka na yangu isimame hivyo. Nikawekewa spesa mbele (vipande vya chuma vya kuongeza kimo) na sheko ndefu nyuma (zile chuma fupi zinashikilia mwisho wa springi), jioni nikarudi Nakuru nikijiangalia kwa vioo vya maduka. Wiki tatu baadaye natoka Mau Narok na viazi, buti ya sivi (ile raba inafunika kiungo cha shafti ya gurudumu la mbele) imepasuka grisi imetapakaa ndani ya rimu yote, usukani unatangatanga ukifika 80, na nikikanyaga breki pua inazama huku mkia ni kama haujui tunasimama. Kila moja ya hizo shida ilikuwa na sababu yake na hakuna hata moja ilikuwa bahati mbaya, ni vile tu sikuuliza.

Kwa hivyo hii ni ya mtu ako na Hilux Vigo, D-Max, Hardbody, Prado ama Jimny, ako na pesa ya kufanya hii kazi mara moja tu, na hio gari ndio inamlisha.

Hatua ya 1: Jua ni nini inainuka na ni nini inabaki chini

Pikapu nyingi ekseli ya nyuma ni chuma kimoja kizima kimelala kutoka tairi hadi tairi, difu (lile boksi la gia za kuzungusha magurudumu) iko hapo katikati, na hio ekseli haisongi hata uinue bodi vipi. Difu ya nyuma inainuliwa na tairi peke yake, na unapata nusu tu ya kile umeongeza. Chukua 265/65R17 ambayo iko kwa Hilux nyingi, kimo chake ni kama milimita 776. Ukiweka 265/70R17 unaenda 803, yaani difu imepanda milimita 13. Ukienda 285/70R17 ni kama 831, difu imepanda 27 hivi, na hapo sasa lazima uwe na nafasi juu la sivyo tairi itakwaruza ukikata kona. Na usisahau spidomita, na hizo 285 ikisoma 100 wewe uko karibu 107, hebu fikiria hio na kamera za barabarani.

Sasa lifti, yaani kuinua bodi, inakupa nini? Nafasi ya tairi, tumbo la gari kupita juu ya ule mgongo wa nyasi katikati ya njia, bampa kutogonga ukiingia mtaro, na kitu watu husahau kabisa, nafasi ya gurudumu kupanda na kushuka bila kugonga mwisho. Kwa mtu wa barabara ya muramu ile imefanya mawimbi kama mabati, hio ya mwisho ndio ya maana kuliko zote.

Na kama shida yako ni ule udongo mweusi wa Kano, ule wa Ahero ukinyesha unashika tairi kama ugali, wacha nikwambie mapema, lifti haitakutoa. Hapo ni tairi zenye meno, kupunguza upepo, na kujua kurudi nyumbani mapema.

Hatua ya 2: Ingia chini ya gari

Tandika gunia ulale chini uangalie mwenyewe, usitegemee kuambiwa. Ukiona koili mbele na shoki imepita ndani yake, kama Vigo ya kuanzia 2005, Prado 120 na 150, ama D-Max za kuanzia 2012, wewe uko na magurudumu ya mbele yanayojitegemea. Difu ya mbele imefungwa kwa chesisi kwa hivyo inapanda na gari, lakini shafti za kwenda kwa magurudumu zinabaki zimeinama, na ndio maana buti za sivi hupasuka. Hapa mwisho wako ni milimita 50, yaani inchi 2. Ukivuka hapo unaanza kununua amu za juu (ile mikono inashika gurudumu), kushusha difu, na vitu vingine vya watu wa pesa. Mimi naona hata 40 inatosha.

Ukikosa koili mbele lakini uone chuma kirefu cha mviringo kimelala kando ya chesisi kikielekea nyuma, hio ni toshenba. Hardbody iko nayo, D-Max za kwanza, L200 za zamani, Hilux nyingi za kabla ya Vigo. Hapa kuna mtego mtamu sana, kwa sababu kuinua ni kukaza bolti moja tu na spana, bure kabisa, na fundi atakwambia springi imekuwa ngumu. Haijakuwa ngumu. Chuma ni kile kile na nguvu yake ni ile ile, kile umefanya ni kusukuma gari juu ukakula nafasi ya gurudumu kushuka. Kaza sana na amu ya juu inakaa imeegemea stopa yake ya kuzuia gurudumu kushuka, kila shimo unasikia ko! ko! kama mtu anabisha mlango. Milimita 25 mpaka 30 hivi, basi, na uweke shoki mpya.

Halafu kuna Jimny na Land Cruiser za 70 za kutoka 1999, ekseli nzima mbele na koili. Hizi zinainuka rahisi, lakini ukiinua, ekseli inazunguka kidogo na ule mwelekeo wa usukani unaitwa kasta unapungua, gari inaanza kutangatanga, kwa hivyo nunua bushi (raba za viungo) za kurekebisha kasta pamoja na springi, usingoje uone. Pia ile fimbo ya panadi, inayoshika ekseli isiende kando, inavuta ekseli upande mmoja, kwa 50 si kitu kikubwa, pima tu.

Nyuma kwa pikapu ni springi za lifu, yale majani ya chuma yamepangwa. Prado na Jimny ni koili.

Hatua ya 3: Peleka gari kwa mizani

Hii ndio hatua nilikuwa naomba mtu angeniambia. Tafuta mizani ya magari, kwa kwari ya kokoto ama depo ya nafaka iko nayo, ongea vizuri na mwenye mizani wakati hakuna foleni ya malori, utatoa kitu kidogo ya chai. Usipime gari nzima peke yake. Pandisha magurudumu ya mbele tu, andika. Pandisha yote, andika. Toa moja kwa nyingine, hio ni nyuma. Fanya hivyo gari ikiwa venye inakaa siku nyingi, na tangi imejaa, na ile sanduku ya spana haitokangi nyuma, na bulba (ile bampa ngumu ya chuma ya mbele) kama iko.

Sababu ni kwamba springi zinauzwa kulingana na uzito zinabeba. Watengenezaji wa maana, wale wa Australia kama Old Man Emu, Ironman 4x4, Dobinsons na Tough Dog, hawakuuzii springi ya inchi mbili, wanakuuzia springi ya inchi mbili kwa gari yenye bulba, ama bila bulba, ama yenye kilo kadhaa nyuma kila wakati. Ukinunua ya bulba na winchi kama huna, pua itasimama juu kuliko venye uliambiwa na gari itakurusha hadi kofia igonge paa. Bulba ya chuma mara nyingi inapita kilo 50 na winchi yenye kamba ya chuma inaweza karibia 40, kwa hivyo si mchezo.

Nyuma sasa ndio watu hukosea zaidi. Neno ni kila wakati. Kama unabeba magunia 10 ya viazi ya kilo 50 siku tano kwa wiki, hio ni kilo 500 kila wakati na unataka springi ya mzigo. (Kama ni yale ya mukorino, yenye kilemba cha neti juu, hesabu upya, huyo si wa 50.) Lakini kama unabeba mzigo huo mara moja kwa mwezi na siku zingine ni wewe na mtoto mnaenda shule, usichukue springi ya kilo 500, gari tupu itakuwa inaruka ruka kwa mawimbi mkia unahamia upande mwingine wa barabara. Chukua ya kati. Mimi niliweka ya kati kwa sababu nusu ya safari zangu ni za kupanda Mau nikiwa mtupu, na sijawahi juta.

Na springi mpya haiongezi uzito ambao gari iliandikiwa kubeba. Ekseli ni ile, breki ni zile, chesisi ni ile.

Hatua ya 4: Springi, bei rahisi hadi ghali

Spesa mbele. Ni bei ya chini na si mbaya kila mara, lakini elewa hesabu yake. Kwa gari kama Vigo ukiweka spesa ya milimita 25 juu ya shoki, gari inapanda karibu 50, kwa sababu shoki haijakaa kwa gurudumu, imekaa katikati ya amu. Watu hawajui hii, wanasikia wanataka inchi 2 wanaweka spesa ya inchi 2, na gari inapanda karibu 4. Hio ndio nilifanyiwa mimi, karibu hivyo. Shida ingine ni kwamba spesa inasukuma shoki chini yote, kwa hivyo ukigonga shimo shoki inafika mwisho wake kabla ile raba ya kuzuia haijashika, na gurudumu likining'inia sivi inapinda kupita kiasi. Kama koili zako bado nzima na unataka tu kusawazisha pua, spesa nyembamba ya milimita 10 inakupa karibu 20 na hakuna mtu ataumia. Zaidi ya hapo nunua koili.

Sheko ndefu nyuma. Ukirefusha kwa 50 unapata 25 tu, na springi ile imechoka inabaki imechoka, imesimama tu kwa miguu mirefu. Mi sipendi.

Bloku, zile za kuweka katikati ya springi na ekseli. Nyuma watu wanaweka, hata viwanda huweka. Mbele kwa ekseli ya usukani usiweke. Kamwe.

Kufua springi kwa jua kali. Hii najua italeta kelele juu sisi wote tumefanya. Jamaa anatoa majani, anayapiga upya yanapinda, gari inapanda, bei ya kutupa. Kama anapiga baridi unapata miezi kadhaa. Kama anatia moto hadi chuma kiwe chekundu halafu anakiacha kipoe tu hapo chini, ule ugumu wa springi umeenda, na itakaa chini tena haraka ama ivunjike siku mbaya. Mimi yangu ilikaa kutoka Disemba hadi mvua ya Aprili.

Kuongeza jani moja. Hii ndio rafiki ya mtu maskini, kama majani ya zamani hayajanyooka kabisa. Chagua jani refu linalofika karibu mwisho wa mengine, yale mafupi na manene yanabonyeza mahali pamoja na hapo ndio jani la juu yake hukatika.

Seti mpya ya majani na koili mbili za mbele. Kama pesa inafika hapa, fika hapa. Uliza namba ya koili na uiandike, juu zingine ziko na upande wa dereva na upande wa abiria na ukichanganya gari inakaa kama imepigwa kofi.

Mitumba? Koili ya mtumba naweza nunua nikipimiwa mbili zikiwa sawa kwa urefu na hazina kutu iliyokula. Shoki ya mtumba sinunui hata kwa ndugu yangu.

Hatua ya 5: Shoki ndio gari

Kama uko na pesa ya kitu kimoja tu kizuri, iwe shoki. Springi inashika uzito, shoki inazuia ile springi isicheze. Kwa muramu wa mawimbi, say Solai ama ile ya kupanda Elgon kuelekea Chepkitale, shoki inafanya kazi mamia ya mara kwa dakika, mafuta yanapata moto, yanakuwa mepesi, na baada ya nusu saa unaendesha gari haina shoki. Shika shoki na nyuma ya mkono ukisimama baada ya njia kama hio, polepole, utaelewa.

Kuna za mirija miwili na za mrija mmoja. Za mrija mmoja zinapoa vizuri lakini pistoni inatembea kwa ukuta wa nje, jiwe likigonga hapo likaacha kibonyeo pistoni inakwama. Za mirija miwili zinavumilia mawe. Kwa pesa kidogo na barabara zetu mi naenda na mirija miwili yenye gesi, nene. Unene ni kitu unaweza pima dukani, uliza pistoni ni milimita ngapi, 35 ni sawa kuliko ile nyembamba ilikuja na gari.

Urefu lazima ulingane na springi. Umeinua 50 ukaacha shoki fupi za kiwanda, shoki inafika mwisho ikifunguka na inakuwa ndio inashikilia ekseli isianguke, na itang'oka kwa macho yake, yale matundu ya kufungia. Dukani nenda na tepu, uliza urefu ikiwa wazi na ikiwa imefungwa.

Feki zimejaa. Angalia fimbo ya shoki inang'aa bila mistari, bonyeza isukume irudi yenyewe polepole kama ni ya gesi, linganisha namba kwa boksi na namba kwa chuma, na kama muuzaji hataki kukuandikia risiti yenye hio namba, toka.

Hatua ya 6: Vitu vidogo vinavyokula bajeti

Weka robo ya pesa yako kando kabla hata hujaongea na mtu. Nimesema robo. Bei sitaandika hapa juu dola ikisonga zinasonga, lakini robo imenishikia mara mbili.

Yubolti mpya (zile bolti za umbo la U zinafunga springi kwa ekseli), zote nne. Za zamani zimevutika, zikikazwa tena hazishiki vizuri. Bushi za springi na za amu, juu fundi amefungua tayari na hutalipa kazi mara mbili. Buti za sivi kama zimeanza kukauka. Paipu za breki ndefu kama za sasa zinavutika gurudumu likining'inia, usikubali "itanyooka tu". Alaimenti.

Halafu ile ilinitesa mimi. Pikapu nyingi, hasa zile hazina ABS, ziko na valvu ya breki juu ya ekseli ya nyuma yenye fimbo ndogo. Kazi ya fimbo ni kuangalia bodi iko juu kiasi gani. Bodi ikikaa chini inajua kuna mzigo, inatuma breki nyingi nyuma. Bodi ikiwa juu inajua gari ni tupu, inapunguza. Sasa ukiinua gari fimbo inadhani uko mtupu milele, hata na magunia yamejaa. Ndio maana mkia wangu haukuwa unashika. Dawa ni kurekebisha fimbo ama kuweka kipande cha chuma cha kuipandisha kwa kiasi kile umeinua gari, kazi ya dakika 20, na hakuna mtu alikuwa amenitajia. Ukiuliza fundi kuhusu hio fimbo na akakuangalia tu, tafuta mwingine.

Na ambia kampuni yako ya bima kwa maandishi kwamba gari imebadilishwa. Afadhali kelele saa hii kuliko siku ya ajali.

Kama pesa haifiki kwa yote, gawa kwa ekseli, usigawe kwa upande. Nyuma yote kwanza, springi na shoki mbili, mbele mwezi ujao. Kulia leo kushoto kesho ni hapana.

Hatua ya 7: Siku ya kufunga

Kabla ya jeki kugusa gari, chukua tepu upime kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, pembe zote nne, uandike. Usipime kutoka chini, upepo wa tairi utakudanganya.

Koili za mbele zifunguliwe na kompresa ya springi ya kweli. Koili iliyobanwa ni bunduki, nimeona nati ya juu ikifunguliwa bila kompresa na kile kilitoka kilitoboa bati ya gereji. Mwenye aliifungua yuko hai kwa sababu alikuwa ameinama kuchukua spana. Ukiona wanataka kufunga na waya na maombi, chukua gari yako uende.

Bolti za bushi za raba zisikazwe gari ikiwa hewani. Ziwekwe tu, gari ishushwe isimame kwa magurudumu yake, itikiswe, halafu zikazwe. Zikikazwa juu, raba inakaa imejipinda kila siku na bushi mpya inaisha kwa miezi. Nilisimama hapo na chai yangu nikiangalia, fundi alikasirika kidogo, sawa tu.

Gari ikiwa bado juu na magurudumu yananing'inia, zungusha usukani kulia hadi mwisho, kushoto hadi mwisho, uangalie paipu za breki na buti za sivi kwa macho yako. Halafu alaimenti siku hio hio, na jioni simama mbele ya ukuta urekebishe taa, pua imepanda na wale unakutana nao pale Salgaa usiku hawajakukosea kitu.

Endesha tupu kwanza, polepole, jaribu breki mahali hakuna watu. Kisha na nusu mzigo. Baada ya kilomita 500 rudi yubolti zikazwe tena zote, hii hata kama hazijalia. Na baada ya miezi miwili toa tepu tena, pima zile pembe nne. Koili mpya hukaa chini kidogo, milimita chache si neno, lakini upande mmoja ukishuka sana kuliko mwenzake rudi dukani na ile risiti yenye namba. Yangu saa hii imepanda milimita 42 mbele na 45 nyuma, hakuna anayeigeukia nikipita Njoro, na sivi ni zile zile.